Madoa ya Chui kwenye Gari la Baba Eliya

Nilikuwa na miaka kumi nilipomharibia jina mtu ambaye hakuwahi kunikosea. Kwa Mungu nimetubu mara nyingi. Kwa watu bado. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi mnivumilie nikieleza vibaya.

Kijijini kwetu, milimani Iringa, gari lilikuwa moja tu, dogo, jeupe, la Baba Eliya. Alirudi nalo kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya. Siku za mvua alitupakia watoto bure kutoka shule. Lakini watu walishasema: mtu hatoki Chunya na gari hivi hivi, huyo amechukua ndagu, ile dawa ya utajiri inayolipwa kwa damu. Na Bibi, mama yake baba, alitufundisha kwamba mali ya ndagu huvaa ngozi ya chui, ila macho ya kawaida hayaioni.

Mwaka huo mjomba, aliyekuwa utingo wa lori, aliniletea miwani ya jua aliyoiokota njiani. Niliivaa asubuhi moja anga limetakata, nimefuatana na Bibi dukani, gari la Baba Eliya limesimama nje. Vioo vya ubavuni na cha nyuma vilijaa madoa, safu kwa safu. Nikivua, hamna. Nikivaa, haya hapa. Nikilaza kichwa yanafifia, nikikiinua yanarudi, kama yananichungulia.

"Bibi! Gari lina chui!"

Mama Shukuru mwenye duka akaninyang'anya miwani, akavaa. "Yesu wangu! Si nilisema mimi? Si nilisema?"

Mtu mmoja akauliza mbona kioo cha mbele ni safi. Bibi hakukosa jibu: "Ni ili mwenyewe asione anachokiendesha."

Baba Eliya alicheka. "Mama, gari lenyewe likipanda mlima linakohoa, ndiyo litaweza kula mtu?"

Hakuna aliyecheka naye, na tangu siku ile hakuna aliyepanda. Mimi ndio nikawa mtu. Niliitwa nyumba hii na ile nisimulie, narudi na mayai, narudi na maparachichi. Bibi aliifungia miwani sandukuni kwake, akihofu itanipofusha.

Nikaiiba. Ilikuwa Jumapili, ibada inaendelea, nikatoka kama naenda chooni. Gari la mchungaji, aliyekuja siku hiyo kutoka mjini, lilikuwa nyuma ya kanisa. Nikavaa. Madoa yale yale, safu kwa safu, na kioo cha mbele safi.

Mtoto wa miaka kumi si mjinga. Mchungaji hakuwa na ndagu, basi na Baba Eliya hakuwa nayo. Nilirudisha miwani sandukuni, nikanyamaza. Niliogopa fimbo na, Mungu anisamehe, niliyapenda yale mayai.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mdogo wangu Yohana, miaka mitatu, akashikwa na degedege. Macho yakapinduka, mwili ukakakamaa. Baba alikuwa Mgololo kwenye vibarua vya kiwanda cha karatasi. Baba Eliya alisikia kelele, akaja na gari mpaka uani, mlango ameuacha wazi.

"Mama Neema, lete mtoto. Nusu saa tu tuko hospitali."

Mama akapiga hatua. Bibi akaketi kizingitini, miguu ameinyoosha. "Utanikanyaga mimi kwanza. Huyo anatafuta wa kulipia, amekuja kumchukua mwenyewe."

Mama akanigeukia. "Neema, mwanangu, uliona kweli?"

Neno moja lingetosha. Hata kutikisa kichwa.

"Niliona," nikasema.

Baba Eliya alipiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima yule, akaziweka funguo mbele ya Bibi. "Basi mimi nibaki. Mtafuteni yeyote aendeshe." Kijiji kizima hakikuwa na mwingine anayejua kuendesha.

Mama akamfunga Yohana mgongoni, akateremka kwa miguu. Mimi nilimfuata na chupa ya maji. Nyuma yetu gari lilikuja polepole, Baba Eliya ametoa kichwa dirishani: "Mama Neema, tafadhali. Tafadhali, mama." Kabla hatujafika darajani Yohana aliacha kutetemeka. Mama alidhani amepata nafuu. Alisema, "Asante Yesu."

Baba Eliya alileta mbao za jeneza. Zikarudishwa. Baada ya mazishi alihama.

Mwaka huu, stendi ya Mbeya, kijana mmoja muuza miwani alinivalisha, akaniona nashtuka kando ya gari. "Usiogope, mama. Kioo hicho kiwandani kinachomwa, halafu kinapulizwa upepo wa baridi ghafla kiwe kigumu. Kila tundu la upepo linaacha alama yake, na miwani ya aina hii ndiyo huionyesha. Cha mbele ni vioo viwili vimegandishwa, hakipulizwi hivyo." Nilimshukuru, nikatafuta pa kukaa. Wengine wangefarijika hapo, wakasema nilikuwa mtoto, sikujua. Mimi nilikuwa najua, bila kuhitaji mambo ya kiwandani.

Mama na Bibi wameshatangulia bila kusikia haya. Baba Eliya, naambiwa, yupo Ruaha Mbuyuni, analima vitunguu. Mara mbili nimepita pale. Basi likasimama, wauzaji wakaja madirishani na vitunguu vyao, nami sikushuka.

Wewe unayesoma, ukisimama pale kununua vitunguu, naomba umuulizie mzee aliyewahi kuchimba Chunya. Mwambie Neema aliyaona madoa hayo kwenye gari la mchungaji pia, siku nne kabla ya Yohana kuugua. Halafu umuulize kama naweza kuja.