Valizi ya Ndaya

Munanisumbua bure. Kila mutu anataka nieleze habari ya Ndaya, kama vile mi sina chungu motoni. Haya, sikilizeni, lakini musinikate maneno.

Ndaya alipewa jina la mama ya baba yake. Kwa Bakasai, watu waliotoka Kasai, mutoto wa namna ile, baba yake mwenyewe anamuitaka "Mama". Baba yake, Tata Tshilombo, aliyetumika kwenye machimbo ya shaba kule Mutoshi zamani za Babelgiji, hakumupiga hata siku moja. Firigisi ya kuku, ile ya wakubwa, ilikuwa ya Ndaya, musibishe. Basi Jumapili moja mutoto akakuta nguo zake zote ndani ya valizi, sanduku la safari.

"Kesho unapanda gari ya moshi," mama yake Bilonda alimwambia, macho chini. "Unaenda Kasai kukaa kwa dada ya baba yako. Hana mutoto."

"Nani aliniuliza?"

"Mutoto anaulizwaka?"

Tangu pale Ndaya hakutulia. Akaenda kuchota maji, na mutungi umejaa. Akafagia kiwanja kilichokwisha kufagiwa. Masomo kwa masista yalibakia mwaka moja tu, na majirani walikuwa wameanza kumuletea barua zao awasomee. Nani angewasomea sasa?

Ndani, baba alikuwa anapanga safari na Mukendi, kaka ya Bilonda. Ndaya akaingia na maji ya kunawa mikono. Akaweka beseni chini, akavuta kiti, akakaa katikati yao.

Mukendi akashituka. "We mutoto! Toka, bakubwa banaongea."

Ndaya hakumutazama. "Tshilombo, mi ni nani yako?"

Baba akasogeza beseni. "Ni... Mama."

"Mama anafungiwaka valizi bila kuulizwa?"

Mukendi akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, leo umezaliwa upya!"

Tshilombo hakucheka. Mikono yake ilishika kofia, ikaiacha, ikaishika tena.

"Dada atanitukana."

"Naye ni mutoto wangu. Mwambie mama yake, ndiye mi, amekataa, anamaliza masomo kwanza. Likizo nitaenda kumuona."

Bilonda alikuwa mulangoni, anasikiliza.

"Bilonda," Tshilombo alisema, "toa nguo ndani ya valizi."

Gari ya moshi ikaenda bila Ndaya. Lakini kwa siku nyingi, ikipiga filimbi, Ndaya alikimbia kuangalia kama nguo zake zingali kwenye kamba.

Sasa wewe unayesoma, una mutoto unayemupangia safari, ao ndoa. Weka hii karatasi chini. Muite, mupe kiti, muulize. Halafu urudi uniambie alijibu nini, na usinidanganye.