Kitabu cha Kibibi Aliyepanda Fisi

Mtanisamehe kwanza kwa mwandiko wangu, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu huwa sisemi, ndiyo maana naandika, tena polepole. Lakini nyinyi tuliocheza wote rede na kugombania matobolwa ya viazi hamtanicheka sana.

Enzi zetu hapa Segese, jioni ilikuwa na harufu yake: mafuta ya taa ya koroboi, na moshi wa mabua ya pamba ambayo Bibi alipikia. Kwa mbali karasha za wachimbaji zilikuwa zinasaga mawe. Tukishakula ugali na mlenda, mimi na mdogo wangu Masanja, aliyekuwa na miaka minne, tulihamia kwa Bibi, mama yake baba. Alikuwa mjane, na kijumba chake kilikuwa ng'ambo ya zizi. Huko ndiko tulikolala, kwenye ngozi ya ng'ombe, na huko ndiko hadithi zilikosimuliwa. Mchana ukiomba hadithi uliambiwa unataka ng'ombe wapotee.

Siku moja mjomba alirudi kutoka Kahama mjini na kitabu cha picha. Nyumbani hatukuwahi kuwa na kitabu ambacho si cha shule wala cha sala. Jioni tulikusanyika kwa Bibi, hata mama na mjomba, na mimi wa darasa la tatu ndiye niliyekuwa msomaji. Nilisoma kwa kuunganisha, "bi-bi a-na-i-shi," Masanja akiwa ameniegemea begani. Ukurasa wa kwanza: kibibi kizee na nyumba yake juu ya kilima. Wa pili: mwezi, na nyayo kubwa mlangoni. Masanja akavuta shuka mpaka puani, lakini akataka niendelee. Ule utamu wa kuogopa huku umemwegemea mtu, nadhani mnaukumbuka.

Ukurasa wa tatu, kibibi alikuwa amepanda mgongoni mwa fisi, anacheka, macho mekundu.

"Hebu lete," mama akasema. Akakisogeza karibu na koroboi. "Kaka, hiki umekitoa wapi?"

"Dukani," mjomba akajibu.

"Duka la nani?"

Mjomba hakulijua jina la mwenye duka. Mama akakifunga. Mimi maneno ya ukurasa ule nilikuwa hata sijayafikia.

Huku kwetu mnajua anayepanda fisi usiku anaitwa nani. Na Bibi yetu macho yake yalikuwa mekundu, kwa miaka mingi ya moshi. Masanja akamtazama, akatazama kitabu, akamtazama tena.

"Bibi, fisi wako unamfunga wapi?"

Hakuna aliyecheka. Siku ile Masanja alikataa kabisa kulala kwa Bibi, na asubuhi kisimani akauliza swali lile lile mbele ya wanawake wote. Mama Kulwa, jirani yetu mwenye mapacha, akaacha kuvuta ndoo yake. Tangu hapo hakuwatuma tena Kulwa na Doto kuja kwa Bibi kuomba moto. Wanawake wakawa wanasema "shikamoo" wakiwa wameshapita, bila kungoja marahaba. Baba akaanza kufunga lango mapema. Sote tulishasikia habari za vikongwe walioitwa wachawi wakachomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko hayo.

Baba akasema kitabu kichomwe.

"Mkikichoma watasema mmeficha kitu," Bibi akamwambia. "Kisomwe uani, lango wazi, na watoto wa jirani waje."

Jua likiwa linazama, Bibi akatandika ngozi uani na kuweka ungo wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Kulwa na Doto wakaja. Mama yao akasimama langoni, mkono kiunoni, hakuingia. Nikaanza kusoma kwa sauti ndogo.

"Paza sauti, ng'wanawane, mwanangu," Bibi akasema, "wa langoni hasikii."

Tulipofika kwenye fisi, Bibi alikichukua kitabu.

"Huyu mwenzangu ana kiuno kizima," akasema. "Mimi baiskeli ya marehemu babu yenu ilinimwaga kwenye mtama. Fisi nitamweza wapi?"

Doto akacheka. Kulwa alimtazama mama yake kwanza, ndipo naye akacheka. Nikakipokea kitabu, nikafungua kurasa zilizofuata, ambazo hakuna kati yetu aliyezifikia. Kumbe kibibi na fisi walikuwa wanamtafuta mtoto aliyepotea porini, wakampata, wakamrudisha kwao. Basi.

"Na fisi hakumla?" Masanja akauliza.

"Alikuwa ameshiba," Bibi akajibu. "Alipitia kwa Mama Kulwa."

Pale langoni palisikika mguno. Mpaka leo sijui kama kilikuwa kicheko.

Bibi alimjazia Mama Kulwa michembe kwenye khanga yake. Akapokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kuonja. Masanja alirudi kulala kwa Bibi, ila alichagua upande wa mlangoni.

Kesho yake Doto akatueleza yote. "Mama aliwarushia kuku michembe kwanza," akasema. "Akakaa anawatazama mpaka jua likapanda. Alipoona hawafi, akaila yote peke yake, hakutubakizia hata mmoja." Jioni Kulwa akaja na kigae chake kuomba moto.

Siku hizi watoto wa dada yangu wanatazama mazimwi kwenye simu, kila mmoja chini ya blanketi lake, hakuna wa kumwegemea. Vijana wanajisifu hawaogopi kitu, lakini umeme ukikatika utawasikia wanavyoitana majina. Na kushukiana hakujaisha, kumehamia tu kwenye simu. Mtu anatumiwa picha moja ya mwenzake, anaamini, anawatumia wengine. Mama Kulwa alitushuku, lakini alisimama langoni akasikiliza mpaka ukurasa wa mwisho.

Nyinyi mliolelewa na bibi, niandikieni. Kwenu kitabu kilifungwa na nani, na nani alikifungua tena?