Barua Iliyopitia Kwangu

Barua ya mtumishi kwenda kwa Mkurugenzi lazima ipitie kwa mkuu wake wa kazi. Chini ya anwani unaandika K.K., yaani kupitia kwa, halafu cheo chake. Huyo K.K. nilikuwa mimi, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Bashay, na barua ile ilinitesa siku nne.

Iliandikwa na mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Aliomba uhamisho kwenda Lindi, alikomwacha mtoto wake kwa bibi. "Mkuu, siku hizi nikipiga simu mwanangu ananiita shangazi," aliniambia, akaiweka mezani, akarudi darasani.

Nikakaa, nikasimama. Nikatoka kukagua vyoo nilivyokwisha kuvikagua asubuhi ileile. Watoto wetu wengi wanaanza shule na Kiiraqw tu mdomoni. Yule binti wa pwani alijifunza lugha yao jikoni kwa majirani, na kufika Juni darasa zima lilikuwa linasoma. Waliomtangulia wawili walishindwa na baridi, wakaondoka. Huyu naye akienda, nani atashika chaki? Mimi, mwenye la sita na la saba tayari? Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia wa ofisini, nikajikasirikia na mimi.

Kukataa waziwazi sikuthubutu. Lakini walimu wakuu tuna ujanja wetu, na hatuusemi kwenye vikao. Ukitaka mwalimu aondoke, unaandika mstari mmoja: naipitisha. Ukitaka abaki, unamsifu. Siku ya tano nikamsifu ukurasa mzima: anavyowahi hata siku za matope, anavyowajua watoto mpaka majina ya mama zao, alivyomfundisha kusoma mtoto ambaye sote tulishamkatia tamaa. Hapakuwa na neno la uongo. Nikagonga muhuri, nikaipeleka wilayani mwenyewe.

Jibu likaja. Ombi halikuridhiwa, kwa kuzingatia umuhimu wake kituoni kama alivyoeleza mwalimu mkuu. Aliingia nalo ofisini mkononi.

"Shikamoo, Mkuu. Kwani ulieleza nini?"

Ningeweza kusema faili halionekani. Nikatoa nakala ya ule ukurasa wangu, nikampa. Alisoma amesimama, polepole, nami nikajiandaa kwa lawama. Akafika mwisho, akaanza upya.

"Haya yote ni mimi?"

"Ni wewe."

"Miaka mitatu, Mkuu, nilidhani hata hunioni."

Nilikuwa nimemwona kila siku. Sikuwahi kumwambia hata moja ya yale, na nilipoyasema hatimaye, niliyasema ili nimzuie asiende kwa mwanawe. Nilitaka kumweleza hivyo. Badala yake nikanyoosha mafaili mezani.

Akaniomba akatoe kopi, aitume Lindi, mama yake amsomee mtoto. Akanishukuru mara mbili, nami nikaitikia.