Godoro la Bomba la Rudi Skubic

Shemeji yangu Rudi Skubic alitengeneza mashine za mgodini kubwa kuliko kanisa letu, lakini bomba jembamba la darini lilimzungusha kipupwe kizima mpaka akawa anaongea na dari. Najua, maana ngazi niliishika mimi, na bila mimi angekuwa bado huko juu.

Bomba lenyewe lilikuja kwa sababu ya dada yangu Bernarda, mke wake. Nyonga zimemharibikia, kutoka kitini hadi kitandani lazima abebwe. Binti yao Marjeta, nesi kule Duluth, alitoa sharti: mama abaki nyumbani, ila viwekwe vinyunyizio vya kuzima moto, kwa kuwa nyumba ikishika moto baba hana kifua cha kumtoa mtu. Fundi akaja, akapitisha bomba la maji darini juu ya ukumbi, akalifunika kwa pamba ya kuzuia baridi, akaenda zake.

Sasa, huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, mwanaume hupimwa kwa theluji ya paa lake. Theluji ikiyeyuka mapema kwa joto linalovuja darini, watu wanasema huyo anawapashia moto kunguru. Paa langu hukaa jeupe mpaka Pasaka, na sijawahi kulificha jambo hilo. Rudi alinunua pamba marobota, akapanda darini, akalichokonoa bomba kutoka lilikofukiwa, akatandika pamba chini yake, nene, bomba likalala juu kama mgeni wa heshima. Paa likawa jeupe kuliko langu. Nilimwamkia kwa shingo upande wiki nzima.

Januari bomba likaganda, likapasuka, na lilipoyeyuka maji yakashuka ukumbini, yakaiangukia potica, ule mkate mtamu wa kokwa za jozi ambao Bernarda alikuwa amekesha nao. Fundi akaunga palipopasuka. Akiwa mlangoni anavaa viatu, akasema bomba hili linataka pamba zaidi. Rudi ni mtu wa kutii fundi. Akaongeza pamba, tena palepale chini.

Likaganda tena. Safari hii halikupasuka, ila fundi alipofungua bomba dogo la kujaribia maji, lililo chumba cha chini, halikutoa hata tone. Akafunga maji ya darini, akasema hayafunguliwi mpaka ugonjwa ujulikane. Marjeta akapiga simu: kama huko juu hakuna maji, mama halali hapo, Jumamosi anakuja kumchukua, kuna chumba kwenye nyumba ya wazee. Bernarda hakubisha. Aliniuliza tu kama kule wanaruhusu kodiani. Nikamwambia wanaruhusu, ila sijui kama wanaruhusu anavyoipiga yeye. Hakucheka, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

Rudi alichanganyikiwa vibaya. Chini tulikaa na fulana kwa joto, juu bomba ni barafu tupu. Aliniuliza, “Shemeji, pamba ninayo kuliko kondoo. Hii baridi inapita wapi?” Mimi sikuenda shule sana, lakini jibu sikosi. Nikamweleza kwa urefu kwamba ni upepo wa Kanada unaopenya kwenye matundu ya misumari. Akaziba matundu yote. Bomba likabaki jiwe. Nikahamia kwenye nadharia ya mwezi. Rudi akapanda na blanketi kuukuu, akalisokomeza chini ya bomba, akashuka ameduwaa zaidi. Hata chakula alikuwa anatia chumvi mara mbili, halafu anauliza nani ametia.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, tulimlaza Bernarda apumzike. Rudi alikuwa ametandaza lile duveti zito la manyoya ya bata kitandani, akamweka mkewe juu yake, akaketi pembeni, macho darini.

“Nasikia baridi,” Bernarda akasema.

“Duveti hilo hapo.”

“Liko chini yangu, mzee. Joto la kunifunika nalitoa wapi?”

“Si nimekutandikia nene?”

“Umenitandikia godoro. Mimi nataka kufunikwa.”

Rudi akanyanyuka kulivuta duveti, akasimama nalo mkononi. Akamtazama mkewe, akatazama dari, akatazama duveti. Mimi nikafikiri kiharusi.

“Shemeji,” akasema polepole, “joto la nyumba hii linatoka wapi?”

“Kwenye tanuru, chini. We leo umeamkaje?”

“Na mimi nimelizuia njiani.”

Akaniachia duveti, akaenda kutafuta ngazi. Nilimfunika dada yangu, nikafuata kusimamia kazi. Rudi alitoa pamba yote iliyokuwa chini ya bomba, na lile blanketi, mpaka bomba likatazamana na mbao za dari bila kitu katikati. Kisha akaivuta pamba juu na ubavuni, ikasimama kama hema, bomba likiwa ndani pamoja na joto linalopanda kutoka ukumbini. Ijumaa jioni barafu ilikuwa imeyeyuka, fundi akafungua maji. Alichungulia darini, akauliza kwa nini tangu mwanzo pamba iliondolewa juu. Rudi akawa ghafla anatafuta miwani iliyokuwa puani.

Usiku ule baridi ilikuwa ya kupasua misumari ukutani, tuliisikia ikilia kama bunduki. Asubuhi Marjeta akaingia na sanduku la nguo, tupu, la kubebea vitu vya mama yake. Hakuvua hata koti. “Kwanza nione, Mjomba,” akaniambia, akashuka chumba cha chini kwenye bomba la kujaribia, akaweka ndoo, akafungua.

Likakohoa. Likatema hewa. Rudi alikuwa ameushika mkono wangu kama anayejifungua. Kisha maji yakaja, meusi kidogo, yananuka chuma, lakini mengi. Marjeta akaweka kidole chini ya maji, akakiacha pale muda, halafu akafunga.

“Atabaki,” akasema.

Bernarda alipoambiwa, aliomba kodiani yake na potica mpya. Kodiani akaiweka mapajani. Potica akaagiza ifungwe kwa kitambaa, itiwe kwenye lile sanduku, lisirudi Duluth tupu.

Mezani Rudi alitia kahawa chumvi, akaniuliza kama paa lake bado ni jeupe kuliko langu. Nilimwambia sijaangalia.