Friza ya Panya Walevi

Kazi yangu hapa Bukavu ni kutunza ubongo wa panya. Walinyweshwa pombe maabarani mpaka wakaizoea, wengine wakanyimwa, kisha tukawaua. Vipande vyao vimo ndani ya friza, kila kimoja na namba yake, ili anayechunguza ulevi aombe vyetu badala ya kuua panya wapya. Ninaipenda kazi hii, ila mule ndani sina wa kuongea naye kutwa nzima. Nyumbani nako husema tu kwamba nafanya laboratoire, kazi ya maabara, maana nikieleza zaidi, shangazi ninayeishi naye anasukuma sahani.

Aliyejua yote ni mdogo wangu wa kiume. Alikunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, miaka mingi, akaacha, na wiki ya tatu akaja kuniona kazini, shati limepigwa pasi. Aliuliza kama mlevi aliyeacha anajulikana kwa kutazama ubongo wake. Nikamweleza, kwa majivuno ya mtu aliyevaa koti jeupe, kwamba alama hubaki muda mrefu, na kwamba mahali alipozoea kunywea panaweza kumwamshia kiu hata kama hataki. Alinisikiliza kuliko wanafunzi wanavyonisikiliza.

Saa tisa mchana alitaka kurudi kwake. Akasimama mlangoni.

"Dada, unisindikize kidogo. Njia ya Kadutu inapita kwa ule maman."

Huyo mama ndiye aliyekuwa akimuuzia kanyanga. Kwetu hata mgeni usiyempenda unamsindikiza, sembuse ndugu. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita, mafuta ya jenereta hayajafika, na joto la friza lilikuwa linapanda. Nilimwambia angoje. Akasema akingoja ataogopa zaidi. Nikakasirika, nikamjibu kwamba yeye ni mtu mzima.

Akaenda. Nilibaki peke yangu, macho kwenye kipimajoto. Mafuta yalifika muda mfupi baadaye, na hakuna kipande hata kimoja kilichoharibika.

Kesho yake asubuhi nilimkuta chumbani kwake amelala na viatu, kanyanga inanuka mpaka kwenye mapazia. Nilikaa kando ya kitanda nikalia. Alifumbua macho, akanitazama bila hasira yoyote.

"Ile vitu ya friza ilipona?"

Nikasema ndiyo.

"Ni muzuri," akasema, akageukia ukutani.