Limao Kwanza, Asali Baadaye

Kama kuna mtu aliyefungwa pingu kwa sifa, ni Fundi Kikaango. Jina hilo alibandikwa na mama mkwe wake mbele za majirani, na tangu siku hiyo hajapumua. Mwaka wa nne huu, kila asubuhi anakaanga buni za shamba moja moja, bila kuchanganya, kutoka mifuko anayoleta mumewe, kila shamba na rangi yake ya mfuko. Mumewe ni dereva wa lori anayerudi nyumbani mara moja kwa mwezi, kulala tu. Fundi husimama jikoni akigeuza mwiko, sikio ametega. Buni zikialika, zikapasuka kwa mlio mara ya kwanza, anahesabu hadi arobaini, anaepua. Zikialika mara ya pili, utamu wote umeondoka na moshi.

Ndipo mama mkwe huuliza kutoka sebuleni, leo mfuko gani. Akiambiwa wa kijani, anafyonza kijiko kwa kishindo, anafumba macho na kutoa hukumu: limao kwanza, asali baadaye. Wa bluu ni karanga. Hakosei hata siku moja. Kisha huja ule wimbo wake, kwamba bila mkono wa mkwe wake yeye hanywi, kwa hiyo mkwe haendi popote. Wageni hucheka. Fundi hucheka nao, meno tu.

Safari hii alikuwa na pa kwenda. Ghala la kahawa lilimwita akajifunze kazi ya kuonja, Jumatatu saa mbili kamili, asipofika nafasi apewe mwingine. Alipomgusia mama mkwe, aliulizwa kahawa ya nyumba hii itapikwa na nani, paka? Mumewe kwenye simu akasema wayamalize wenyewe. Mwanamume naye! Kumwomba msaada ni kutwanga maji.

Basi Jumamosi Fundi akaamua kuliharibu jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Aliziacha buni za mfuko wa kijani zialike mara ya pili, zitoe mafuta, zifuke hadi jirani akakohoa dirishani. Kahawa ikatoka nyeusi tii, chungu kama masizi. Akiitema tu, alijiambia, atanifukuza jikoni mwenyewe.

"Leo mfuko gani?"

"Wa kijani, Mama."

Mama mkwe akafyonza, akafumba macho. "Limao kwanza. Asali baadaye."

Fundi aliweka birika chini. Akaketi, akamuuliza taratibu kama kweli anaionja hiyo asali. Yule mama akazungusha kikombe, akakizungusha tena.

"Tangu ile homa, mwaka ule ulipoolewa, sionji kitu, mwanangu. Hata moshi wako siunusi. Hiyo asali uliniambia wewe, nikashika hapo hapo." Kisha, bila kumtazama: "Ukienda, hakuna wa kuniambia ladha. Nitakuwa nakunywa maji moto."

Lo! Angemfokea ingekuwa nafuu. Fundi aliitafuta hasira yake ya miaka minne, hakuiona ilikokwenda. Alimhurumia, na huruma ile ilimkaba kuliko sifa zote.

Jumatatu saa mbili na robo alikuwa jikoni, sikio ametega. Buni za mfuko wa bluu zikaalika. Alipofika kumi na saba, simu ikaita, namba ya ghala. Mama mkwe akamwambia apokee.

"Kumi na nane," akasema Fundi, akageuza mwiko. "Kumi na tisa."