Mama alifunga chai Kwaresima yote, akaja kuinywa kwa Mama Achieng

Chamgei wakuu. Hii sikuambiwa na mtu, nilikuwepo na viatu vyangu vilijaa matope.

Sisi ni wa Roret. Huku kwetu majani chai yanafika hadi mlangoni, na chai ya maziwa ndiyo salamu. Ukikataa chai ya mtu umemtangazia vita, hata kama unacheka.

Sasa Jumatano ya Majivu mama yangu akatuambia ati amefunga chai mpaka Pasaka. Si nyama, si sukari. Chai!

Mzee akasema hatamaliza wiki.

Alimaliza. Kichwa kilimuuma vibaya, akawa anachuma majani amejifunga leso kichwani, jioni anakunywa maji moto. Sisi tuko hapo na vikombe vyetu, yeye anatusomea Biblia tu. Huyu mama ni mgumu, nawaambia.

Lakini kuna chai ingine alikuwa amekataa kitambo, na kijiji kizima kilijua.

Jirani yetu Mama Achieng ni wa upande wa ziwa, bwana yake alikuja kufanya kazi kiwandani. Yeye na mama walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Halafu ndama yetu ikavunja ua ikaingia kwa mahindi yake. Maneno yakatoka, mpaka makabila yakatajwa, wueh. Mama akaapa hatakunywa tena chai ya ile nyumba, na akashika hivyo kwa miaka.

Na bwana ya Mama Achieng sasa amestaafu. Wameuza shamba, Pasaka ikiisha wanarudi kwao. Hiyo ilikuwa inaniuma sana. Wakienda hivyo, basi, imekwisha.

Ijumaa moja jumuiya yetu ikafanya Njia ya Msalaba. Tunapitanga boma kwa boma, kila boma na kituo chake. Katekista aliomba boma zote zilizo njiani, hata za wasio Wakatoliki. Kituo cha mwisho kikaangukia kwa Mama Achieng. Kanisa lake halina mambo ya Kwaresima, lakini alikubali.

Nilimwangalia mama pale kwa geti. Alisimama kidogo, halafu akaingia, kwa sababu msalaba ulikuwa umeshaingia.

Tukamaliza kusali. Mara Mama Achieng huyo, anatoka jikoni na birika kubwa la chai, maziwa mengi, na trei ya vikombe.

Maskini, hakujua Ijumaa tunafunga mpaka jioni. Mtu wa kwanza akasema asante, nimefunga. Wa pili hivyo hivyo. Katekista akaanza kumweleza kwa upole kabisa, lakini nilimwona uso unashuka. Alipofika na birika kwa mama yangu hata hakusimama, alikuwa anapita tu.

Mama akamshika mkono.

"Na mimi, Mama Achieng? Niwekee. Weka na sukari."

Akainywa yote, machozi yanateremka, akaomba kingine.

Mama Achieng akawa analia na kucheka pamoja. "Mama Kibet," akamuuliza, "kwani ulikuwa wapi?"

Katekista akaangalia chini kidogo, halafu naye akachukua kikombe.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza mama, sasa nadhiri yako je? Hakunificha.

"Nilimpa Mungu chai nikabaki na chuki. Unafikiri yeye alikuwa anangojea gani?"

Na kesho yake asubuhi, maji moto tena. Mpaka Pasaka!

Siku ya lori mama alipeleka kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Maziwa ni ya ile ile ndama, siku hizi ni ng'ombe. Mama Achieng alikataa kiwekwe na mizigo. Akakaa nacho mbele na dereva, amekipakata.

Wakuu, Isaya anavyosema juu ya kufunga kwa kweli nimesikia kanisani tangu niko mdogo. Kuelewa, nilielewa siku ile kwa boma la jirani, nikimwangalia mama yangu na kikombe mkononi. Namheshimu huyo mama mpaka leo.

Basi semeni hapa chini, na tusidanganyane: wewe Kwaresima hii umefunga nini, na umebaki na nini?